Karatasi za Marehemu Hazina Fungu

Mzee akifa huku Likoni, kila kitu chake hupata mwenyewe kabla ya hitma kwisha. Nyumba ina warithi, kiwanja cha Shika Adabu kina kesi, kanzu na koti zina maskini wa kupewa sadaka, na simu imeshaingia mfukoni mwa mjukuu. Karatasi ndizo zisizo na fungu. Lile sanduku la chini ya kitanda, lenye madaftari ya mashairi, barua za miaka ya hamsini na rasimu za hotuba, hutolewa uani likangoja mvua. Akiba haiozi, walisema wahenga. Hawakuliona sanduku la vitabu lililopigwa na masika Mtongwe.

Zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu angalau hufa kwa heshima. Wajukuu hawawezi kukisoma Kiswahili kilichomo. Wanaona alifu na lamu, wanadhani ni Qur'ani, wanazichoma au kuzizika kwa adabu zote. Shairi la mapenzi, deni la minazi, barua ya kumkaripia liwali: yote yanapata maziko ya msahafu.

Kisha tunakaa barazani kuwalaani Wazungu waliotuibia.

Nimechoka na laana hiyo, ingawa si ya uongo. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na tungo zake zikabaki vinywani mwa watu. Aliyezinusuru alikuwa mtu wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kuziandika, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Sikujua akafariki 1890. Karatasi zikaishia London, kwenye chuo cha SOAS, na William Hichens akazitoa kitabu mwaka 1940, kikapigwa chapa Afrika Kusini. Karatasi za Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa aliyehamia London, nazo ziko huko huko. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, iliyoandikwa Pate, iliishia Hamburg. Mtoto wa Likoni anayetaka kuuona mwandiko uliohifadhi maneno ya malenga wa Mvita aanze kwa kuomba viza.

Haya, tumeibiwa. Sasa nijibiwe hili, maana sijawahi kulisikia likiulizwa barazani: zile zisizoibwa ziko wapi? Zile ambazo Taylor hakuzigusa, zilizobaki kwetu, mikononi mwetu, chini ya mapaa yetu wenyewe? Waliojibizana na Muyaka kwa mashairi hawakuwa mabubu, lakini kwa wengi wao tumebaki na beti chache. Hakuna Mzungu aliyezichukua zilizosalia. Mchwa alizichukua, nasi tukamfungulia mlango.

Msiniambie ni umaskini. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, naye akatunga gerezani akiandika kwenye karatasi za msalani. Zikatolewa kwa siri, zikawa Sauti ya Dhiki mwaka 1973, na mwaka uliofuata kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Shashi za choo zilipenya kuta za gereza; daftari zima la mzee wa Likoni linashindwa kuvuka ua wa nyumba yake. Yusuf Ulenge naye hakuwa na jumba la makumbusho. Alikuwa na barua alizoandikiwa na ndugu yake, Shaaban Robert, kuanzia 1931 hadi 1958, na akakataa kuzitupa. Basi. Mwaka 2002 zikawa kitabu, na leo tunamsikia Shaaban Robert akisema na nduguye kuhusu kazi, fedha na maradhi, mambo ambayo diwani zake hazikutuambia.

Serikali ndiyo usiseme. Joseph Murumbi, makamu wa rais aliyejiuzulu 1966, aliiuzia serikali vitabu na nyaraka zake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga katika miaka ya sabini, kwa matumaini kwamba nyumba ingekuwa taasisi ya utafiti. Nyumba ikabomolewa. Vilivyonusurika ni vile vilivyohamishiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Na huyo alikuwa makamu wa rais. Sembuse mtunzi wa Mtongwe!

Tazameni Ayalandi, nchi iliyotawaliwa na Waingereza hao hao. Mwandishi James Joyce aliihama mwaka 1904 na kuisema vibaya kwa kalamu maisha yake yote. Mwaka 1940, Wajerumani wakiwa wameshaiteka Paris, rafiki yake Paul Léon aliokoa karatasi zilizoachwa katika fleti ya Joyce, zikakabidhiwa kwa balozi wa Ayalandi. Léon alikuwa Myahudi. Aliuawa Auschwitz mwaka 1942. Maktaba ya Taifa mjini Dublin ikazifungia hadi 1991 kama ilivyoagizwa. Mwaka 2002 Ayalandi ikalipa zaidi ya euro milioni 12 kununua karatasi nyingine zilizokuwa kwa familia ya Léon. Isitoshe, sheria yao ya kodi humpunguzia kodi anayelipa taifa zawadi ya nyaraka za namna hiyo. Kaunti yetu inashindwa nini kuipunguzia familia kodi ya ardhi kwa sanduku moja la madaftari?

Uwezo inao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti maktaba na makumbusho, kwenye kipengele kimoja na kamari na leseni za pombe. Leseni za pombe hatujasikia zikisahauliwa.

Na watafiti wasidhani nimewasamehe. Kuna wanaokuja na kamera, wananywa kahawa yetu, wanapiga picha kila ukurasa, na tunaonana nao tena kwenye orodha ya shukurani. Lamu imeonyesha njia nyingine: hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza, nazo zenyewe zikabaki Lamu. Oktoba 2023 wadukuzi walipoivamia mifumo ya maktaba hiyo, nakala za mtandaoni zilipotea machoni kwa miezi mingi. Hati za Riyadha hazikuhitaji nywila. Basi kibali cha utafiti kiwe na sharti: nakala kamili ibaki Mombasa, kabla ya mtu kupanda ndege.

Ibaki wapi? Likoni. Fort Jesus iko ng'ambo, ofisi ziko ng'ambo, kila kitu cha maana tunakifuata kwa feri. Chumba kimoja, kabati za chuma, mashine ya kukausha hewa, skana, na watu wawili wanaosoma Kiswahili cha hati za Kiarabu, ambao tukiwatafuta madrasani hatutawakosa. Familia ipeleke sanduku kabla ya arubaini, ipewe stakabadhi, na ikitaka barua za siri zifungwe miaka hamsini, zifungwe.

Kikao cha kukusanya maoni ya bajeti kikija Likoni, nitasimama niulize chumba hicho kiko ukurasa wa ngapi. Mheshimiwa atakayenijibu kwamba utamaduni umeshatengewa fedha za tamasha, ajue sitairudisha maikrofoni.