Walimu Wetu Nao Wasome

Ndugu Waislamu, kila tunapozungumzia elimu ya watoto wetu, macho yote huelekezwa kwa mwanafunzi. Tunauliza amehifadhi juzuu ngapi na amepata alama gani. Ni nadra kumgeukia mwalimu na kumuuliza: je, wewe mara ya mwisho umesoma lini?

Tuanze na nafsi zetu, sisi tunaofundisha madrasa. Wengi wetu tulikaa vyuoni miaka mingi tukisoma nahau, fiqhi na hadithi kwa Kiarabu, kisha tukarejea na shahada. Lakini ni wachache kati yetu waliofundishwa namna ya kumsaidia mtoto wa miaka saba anayechanganya baa, taa na thaa. Kuwa na elimu ni jambo moja, na kuifikisha ni jambo jingine. Mtoto asipoelewa, tunarudia maneno yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Asipoelewa tena, tunachukua fimbo. Tuseme kweli: mara nyingi fimbo huanza pale ujuzi wa mwalimu unapokwisha. Na mtoto anayeikimbia madrasa kwa sababu hiyo, sisi ndio tutakaoulizwa juu yake.

Zamani tulikuwa na udhuru. Chuo kiko mbali, ada ni kubwa, na darasa tutamwachia nani? Leo udhuru huo umepungua sana. Mwaka 2001 chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitayaweka masomo yake kwenye intaneti bila malipo, na vyuo vingine vikafuata njia hiyo. Mwaka 2005 ulianzishwa mpango wa TESSA, unaoshirikisha Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na vyuo vya Afrika, kwa ajili ya walimu wa shule za msingi barani mwetu. Maandiko yake yanaonesha, pamoja na mengine, namna ya kufundisha darasa lenye watoto wengi, nayo yanapatikana pia kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Mwaka 2014 likafunguliwa nchini Yordani jukwaa la Edraak, linalotoa masomo ya bure kwa Kiarabu, yakiwemo ya walimu. Basi aliyesoma kwa Kiarabu hana hata kisingizio cha kutojua Kiingereza.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kitu cha bure nacho kina gharama zake. Bando linanunuliwa, na muda unatolewa kwa mwalimu ambaye jioni anatafuta riziki ya wanawe. Baadhi ya majukwaa hutoa masomo bure lakini cheti hukilipisha. Zaidi ya hayo, wengi wanaojiandikisha katika masomo ya namna hii hawafiki mwisho, kwani anayesoma peke yake usiku mbele ya simu hana wa kumuuliza wala wa kumhimiza.

Kipo na kikwazo kingine, nacho ni kibri. Ustadhi anaona haya kuonekana anajifunza. Tumesahau kwamba Nabii Musa, amani iwe juu yake, pamoja na daraja yake, alisafiri hadi makutano ya bahari mbili ili ajifunze kwa mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa kamati za misikiti. Badala ya kumwachia kila mwalimu mzigo wake, wakusanyeni walimu wa madrasa na wa shule walio katika jamaa yenu, watatu au wanne, saa mbili kwa wiki. Msikiti ugharimie bando. Wasome somo moja kwa pamoja, wapime lipi linafaa kwa watoto wetu na lipi halifai, kisha kila mmoja akalijaribu darasani. Wiki ifuatayo waelezane lililofanikiwa na lililoshindikana. Tusiwahesabie vyeti. Kipimo kiwe yule mtoto aliyekuwa akichanganya herufi: je, sasa anazitambua, na je, anakuja madrasa kwa hiari yake?

Nanyi wazazi, mkimkuta ustadhi ameinamia simu baada ya darasa, msiharakie kumdhania vibaya. Huenda anatafuta njia ya kumfundisha mwanao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, na atujaalie tuwe wenye kuifikisha kwa upole. Amin.