Kiwewe kisomwe, kieleweke

Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msemo huo tumeuzoea katika mzaha, lakini ndani yake mna elimu ambayo matabibu wa dunia walichukua muda mrefu kuitia vitabuni. Hatari inaweza kupita, akili ikajua kuwa imepita, na mwili usijue.

Mwaka 1915, daktari wa Uingereza, Charles Myers, aliandika katika jarida la Lancet habari za askari waliopungukiwa na uwezo wa kuona na kukumbuka baada ya mizinga kuripuka karibu yao. Mwaka 1980, baada ya Vita vya Vietnam, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliyatambua rasmi maradhi hayo ya kiwewe. Mwaka 2014 Bessel van der Kolk alitoa kitabu chake, The Body Keeps the Score, kikasomwa duniani kote. Si kila alilolisema limekubaliwa na wataalamu wenzake, lakini hoja yake kubwa inastahili kusikilizwa: jeraha la nafsi hudhihirika pia mwilini.

Mtu anapokabiliwa na mauti, ubongo huamrisha adrenalini imwagike katika damu. Moyo hwenda mbio, misuli hukaza, na tumbo huacha kusaga chakula. Hiyo ni kinga ya kumwezesha kukimbia au kupambana. Wengi hutulia baada ya muda. Wapo, hata hivyo, ambao amri hiyo huendelea kutolewa kwa miezi na miaka, hata pasipokuwa na adui. Usingizi huwaruka, kichwa na tumbo huwauma, na kishindo kidogo huwatia jasho.

Jambo hili linatuhusu sana sisi watu wa visiwani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Waliookolewa hawakuwa na hiari ya kuihama bahari. Matibabu, biashara, harusi na maziko, yote huweza kumtaka mtu avuke. Anayetetemeka akisikia injini ya meli hufika hospitali akapimwa moyo na presha, akaambiwa ni mzima. Akirudi mtaani huitwa mwoga, au husemwa kuwa ana shetani. Na akitajiwa daktari wa akili, jamaa zake huona ni aibu.

Aibu hiyo huondoka kwa elimu, na elimu hiyo kwa sehemu kubwa imefungwa katika vitabu vya Kiingereza. Kwa hivyo tunaziomba wizara zinazohusika na afya na elimu zishirikiane na wataalamu wetu wa lugha na wa tiba kuandaa vijitabu vya Kiswahili chepesi na sahihi, viwekwe katika maktaba, skuli na vituo vya afya vya Unguja na Pemba. Wauguzi nao wafundishwe kumwuliza mgonjwa, kwa upole na kwa siri, yaliyompata, wala wasimlazimishe kuyasimulia asipokuwa tayari.

Kwa msomaji, tunatoa tahadhari. Kitabu si daktari. Mwenye maumivu ya kifua apimwe kwanza, wala asijitibu kwa kurasa alizozisoma. Tena si kila aliyenusurika ni mgonjwa. Faida ya kusoma ni kujua lini aombe msaada, na kujua kwamba hali yake ina jina na ina tiba.

Kila inapotokea ajali, Serikali huunda tume na kuhesabu waliokufa na waliookolewa. Tunapendekeza kazi hiyo isiishie hapo. Orodha ya waliookolewa ikabidhiwe pia kwa watu wa afya, nao wawatembelee baada ya mwezi, baada ya miezi sita na baada ya mwaka. Aliyetolewa baharini akaachwa peke yake na kiwewe chake, uokozi wake haujakamilika.