Mafanikio ya Wanafunzi wa Shahada za Juu: Yapimwe kwa Mizani Gani?

Kila ufikapo msimu wa mahafali, idara za mawasiliano katika vyuo vikuu hujivunia mafanikio ya wanafunzi wao wa uzamili na uzamifu. Hutajwa waliohitimu, waliowasilisha makala kwenye makongamano ya ng'ambo, waliopata ufadhili, walioshinda tuzo na walioajiriwa kuwa wahadhiri. Hapana ubaya katika jambo hilo. Mcheza kwao hutuzwa, na mwanafunzi aliyekesha miaka mitatu akipekua maktaba na kuzuru vijiji kwa nauli ya kuazima anastahili kupigiwa makofi. Hata hivyo, orodha za aina hiyo hunyamazia swali moja zito: je, utafiti wenyewe ulimfaa nani baada ya joho kuvuliwa? Makala haya yanashikilia kwamba mafanikio makuu ya mwanafunzi wa shahada za juu ni kuacha swali au jibu ambalo wengine watalitumia, na kwamba katika Kenya mafanikio hayo hayawezi kukamilika iwapo utafiti unaowahusu wazungumzaji wa Kiswahili hauwarejelei kwa Kiswahili.

Historia ya taaluma ya mawasiliano inayo mifano ya kazi za wanafunzi zilizovuka kuta za maktaba. Mmojawapo ni ule wa Everett Rogers, aliyehitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1957. Rogers alikuwa mtoto wa mkulima. Babake alichelewa kuzikubali mbegu chotara za mahindi, mpaka ukame wa mwaka 1936 ulipomwonyesha kwamba mahindi ya majirani waliozikubali yalisimama ilhali yake yalinyauka. Alipokuwa mwanafunzi, Rogers alikwenda katika jamii ya wakulima ya Collins, jimboni humo humo, akachunguza namna walivyoyapokea mambo mapya kama vile dawa ya kuulia magugu. Sura ya tasnifu yake iliyopitia maandishi ya watangulizi ndiyo iliyopanuliwa ikawa kitabu Diffusion of Innovations, kilichotolewa mwaka 1962 na kufikia toleo la tano mwaka 2003. Sura ambayo wanafunzi wengi huiandika shingo upande, ili kumridhisha msimamizi tu, ndiyo iliyomjengea mtafiti huyo jina.

Funzo la kisa hicho ni kwamba Rogers alianza na swali lililozaliwa nyumbani kwao, akalipeleka kwa watu aliowafahamu lugha. Nadharia ilifuata baadaye. Watafiti wengi chipukizi hufanya kinyume cha hayo: huanza na nadharia iliyopata umaarufu kwingineko, kisha wakatafuta kijiji cha kuijaribia.

Rogers huyo huyo anaiunganisha taaluma hii na Kiswahili moja kwa moja. Mnamo Julai 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kutangaza tamthilia ya mfululizo iliyoitwa Twende na Wakati, iliyokusudia kuhimiza uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Tamthilia hiyo ilifuata mbinu iliyoasisiwa na Miguel Sabido nchini Mexico, ambamo huundwa wahusika wema, wahusika wabaya, na wahusika wanaoyumba baina ya pande hizo mbili kabla ya kubadilika. Kituo cha Dodoma hakikuirusha tamthilia hiyo hadi mwaka 1995, na hivyo watafiti wakapata eneo la kulinganishia. Mwaka 1993 Rogers alikuwa amehamia Idara ya Mawasiliano na Uanahabari ya Chuo Kikuu cha New Mexico, na matokeo ya utafiti alioufanya pamoja na wenzake yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Studies in Family Planning. Yalionyesha kwamba matumizi ya njia za kupanga uzazi yaliongezeka zaidi mahali tamthilia iliposikika. Utafiti huo umetajwa tena na tena na wanafunzi wa mawasiliano ulimwenguni.

Mgala muue na haki umpe. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na yenye manufaa. Lakini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akiitazama hawezi kukosa kuona pengo. Takwimu zaweza kuonyesha kwamba wasikilizaji walibadilika. Haziwezi peke yake kueleza ni kwa nini mhusika Mkwaju, dereva wa lori mwenye kupenda wanawake kila kituo, alinata katika fikra zao. Maelezo ya jambo hilo yamo katika lugha: uteuzi wa majina, mizaha, mafumbo, methali, lahaja za mitaani na utaratibu wa usimulizi ambao msikilizaji ameuzoea tangu utotoni katika ngano. Hata jina la tamthilia ya redio ya Kenya iliyotumia mbinu hiyo hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, yaani Ushikwapo Shikamana, ni methali. Msikilizaji alipolisikia jina hilo alikwishapewa nusu ya ujumbe kabla ya mhusika wa kwanza kufungua kinywa. Huo ni uwanja wa mwanafunzi wa Kiswahili, naye hana budi kuuingia.

Inasikitisha basi kwamba katika vyuo vikuu vya Kenya, idara za mawasiliano na idara za Kiswahili huishi kama majirani wasioazimana chumvi. Mwanafunzi wa mawasiliano huchunguza wasikilizaji wa redio ya Kiswahili, huwahoji kwa Kiswahili, hufasiri majibu yao kwa Kiingereza, kisha huyachanganua majibu hayo kana kwamba yalisemwa kwa Kiingereza tangu mwanzo. Msikilizaji akisema kwamba mtangazaji fulani "anapiga domo", tafsiri itabaki na maana ya kuzungumza sana, huku dharau iliyokuwemo ikiponyoka. Ukweli wa utafiti unaweza kupotelea katika mwanya huo. Kwa upande wa pili, mwanafunzi wa Kiswahili huchambua riwaya na diwani kwa umahiri, lakini aghalabu hajali kuuliza ni nani aliyezisoma, alizipataje, na zilimfanya nini. Kila mmoja ana nusu ya shilingi, na nusu ya shilingi hainunui kitu.

Utaratibu wa kutathmini nao umechangia hali hii. Mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa viwango vilivyomtaka mwanafunzi wa uzamili kuchapisha angalau makala moja, na wa uzamifu angalau makala mawili, katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Nia ya sharti hilo ilikuwa njema, kwani lilikusudia kuyatoa matokeo ya utafiti kabatini. Hata hivyo, sharti la idadi huzaa kazi ya idadi. Mwanafunzi anayekimbizana na tarehe ya mahafali hushawishika kupeleka makala yake kwa jarida lolote litakaloyapokea upesi kwa malipo, hata kama halina msomaji mmoja katika eneo alikofanyia utafiti. Huyo amehesabiwa kuwa amefanikiwa, ilhali mkulima, mama mchuuzi na mtangazaji waliompa saa zao hawajui walichangia nini.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za mawasiliano, kwamba watahini wa nje hawakijui, na kwamba soko la kazi huthamini Kiingereza. Hoja hizi hazifai kupuuzwa, lakini hazina nguvu zinazodhaniwa. Tasnifu katika idara za Kiswahili zimekuwa zikiandikwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo kwa miongo kadhaa, zikijadili umuundo, simiotiki na pragmatiki bila kukwama. Istilahi hukua kwa kutumiwa, na lugha isiyopewa kazi haiwezi kulaumiwa kwa kukosa zana. Aidha, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Chuo kikuu cha umma kinachochunguza umma wa Kenya hakiwezi kuichukulia hadhi hiyo kuwa pambo la sherehe. Kuhusu soko, hakuna anayedai Kiingereza kiachwe. Linalodaiwa ni kwamba kisibaki lugha pekee ya matokeo.

Mapendekezo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, kila tasnifu ya mawasiliano inayohusu hadhira ya Kiswahili iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kadhaa, ulioandikwa kwa lugha ambayo waliohojiwa wataielewa, na nakala ipelekwe kwa kituo cha redio, shule au kikundi kilichoshiriki. Pili, tasnifu kama hizo zisimamiwe kwa pamoja na wahadhiri wa idara zote mbili, na data inukuliwe kwanza katika Kiswahili chake asilia kabla ya kufasiriwa. Tatu, idara zinapotangaza mafanikio ya wanafunzi wao, mbali na cheo cha mhitimu na jina la kongamano alilohudhuria, zieleze kwa sentensi mbili tatu alichokigundua na anayekitumia. Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji utashi wa wasimamizi na ujasiri wa wanafunzi wenyewe.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wasingoje kualikwa. Vyama vyao vina majarida na makongamano ambayo yanaweza kuwa mahali pa kwanza pa kuchapishia mihtasari hiyo. Mwanafunzi wa fasihi anaweza kumwendea mwenzake wa mawasiliano aliye jengo la pili, amwombe asome mahojiano yake, amwonyeshe methali aliyoipita bila kuiona, naye ajifunze namna ya kutunga hojaji na kuteua sampuli. Ushirikiano huo ungezaa kazi zenye takwimu za kuaminika na masikio ya kusikia kinachosemwa.

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Utafiti nao unaweza kwenda Albuquerque, London au Leipzig, ukasifiwa na kutuzwa huko. Pale utakaporejea kwa wenye maneno, katika lugha waliyoyasemea, ndipo idara itakapokuwa na haki ya kuandika jina la mwanafunzi wake katika orodha ya waliofanikiwa.