Kushika Upepo Si Kukaa Sawa
Anayedai kwamba tairi pana la baiskeli lenye tyubu likishika upepo limeshakaa sawa amekosea, na kosa hilo huangusha watu. Upepo unashikwa na tyubu. Hautuambii ukingo wa tairi umelala wapi ndani ya ringi. Tazama ule mstari mwembamba wa mpira ulioinuka ubavuni, karibu na ringi. Zungusha gurudumu polepole, kagua pande zote mbili. Mstari ukizama mahali fulani, hapo ukingo haujapanda. Mstari ukichomoza, tyubu inaweza kupenya na kupasuka. Chunguza hasa penye valvu, tyubu hubanwa hapo. Ukiona kasoro, punguza upepo, paka maji ya sabuni, kanda kwa viganja, ujaze tena bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni.