Hewa pia ni dawa, nayo ina kipimo chake

Bila shaka umewahi kusikia watu wakisema kwamba mgonjwa akishawekewa mashine ya kupumulia, basi safari yake imefika mwisho. Maneno hayo yalienea sana Kibera na Kawangware mwaka 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini mnamo Machi 13. Wagonjwa wangu kadha waliniapia kwamba afadhali wafie nyumbani kuliko kutiwa mpira kooni.

Wiki hii tuitazame hofu hiyo bila kuidharau. Maoni yangu ni kwamba ina chembe ya ukweli, ila tumeielekeza pasipofaa. Kinachoweza kudhuru ni hewa kusukumwa kwa nguvu kupita kiasi, huku aliye kando ya mgonjwa akikosa ujuzi wa kuipima.

Kwanza, tuelewe jinsi tunavyopumua. Unapovuta pumzi, kifua hupanuka na hewa huingia kwa kuvutwa. Mvuto huo huo husaidia damu kurudi moyoni. Mashine hufanya kinyume: huisukuma hewa ndani. Msukumo ukizidi kifuani, mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni hubanwa. Damu inayofika moyoni hupungua, na presha ya mgonjwa inaweza kushuka ghafla.

Tumeyajuaje haya? Kwa kiasi kikubwa tumefunzwa na mbwa. Mwaka 1667 jijini London, mwanasayansi Robert Hooke alimweka mbwa hai kwa zaidi ya saa moja akimpulizia hewa kwa mivukuto, kama ile ya mhunzi. Mbwa huyo aliteseka, maana dawa ya usingizi haikuwapo. Etha ilionyeshwa hadharani Boston, Marekani, mwaka 1846. Watafiti wa karne ya 20 waliwalaza mbwa kwa nusukaputi, wakawaunganisha na mashine na kupima mioyo yao kila msukumo ulipoongezwa.

Msukumo huo hupimwa kwa sentimita za maji. Chukua glasi ya maji, utumbukize mrija wa soda kina cha sentimita 5, kisha upulize. Nguvu inayotosha kutoa mapovu ndiyo sentimita 5 za maji. Kwa mbwa aliyelala, msukumo mdogo kama huo ukibaki mapafuni hata anapotoa pumzi, kwa kawaida moyo hustahimili. Ukipandishwa hadi 10, 15 au 20, damu inayopigwa na moyo huzidi kupungua. Akiongezwa maji mshipani, moyo hupata nafuu. Nayo mapafu yakitanuliwa kupita kiasi hujaa majimaji, au hutoboka na hewa ikavuja kifuani. Hatari hiyo ya kutoboka ilijulikana zamani: Mfaransa Leroy aliionya dunia katika miaka ya 1820, kwamba mivukuto iliyotumiwa kuokoa watu waliozama majini ingeweza kuua.

Je, basi tuache kuwapulizia wagonjwa hewa? La, hasha. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulipoikumba Copenhagen, Denmark, daktari Bjørn Ibsen alionyesha kwamba wagonjwa walioshindwa kupumua wangeweza kuokolewa kwa mfuko uliominywa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Walichokuwa nacho wanafunzi hao ni mfuko wa mpira, mikono yao na uangalifu.

Kipimo nacho kina uzito wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulihusu wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoharibika vibaya. Waliopuliziwa hewa nyingi kwa kila pumzi, kama ilivyokuwa desturi, walikufa karibu 40 katika kila 100. Waliopuliziwa nusu ya kiasi hicho walikufa 31 katika kila 100. Aina ya matibabu ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa namna mashine ilivyopangwa.

Mfano mwingine uko karibu nasi, Malawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihusu watoto waliolazwa kwa nimonia kali katika wodi ya kawaida ya hospitali ya wilaya, ambao pia walikuwa na hatari nyingine kama vile utapiamlo. Kati ya watoto 323 waliowekewa kifaa cha mapovu kinachosukuma hewa mapafuni, 53 walifariki. Kati ya 321 waliopewa oksijeni ya kawaida puani, walifariki 35. Kifaa hicho hicho kimeokoa watoto kwingineko chini ya uangalizi wa karibu. Funzo ni kwamba kifaa peke yake si tiba.

Hapa kwetu tunapenda kuhesabu mashine. Mwaka 2020 tuliuliza nchi ina mashine ngapi, na tulijivunia, kwa haki, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walipounda yao. Lakini ni wangapi waliouliza tuna wauguzi wangapi wa kuzikesha? Mwaka huo huo kamati ya Seneti ilieleza kwamba baadhi ya vifaa vilivyokodiwa kwa ajili ya hospitali za kaunti, katika mpango ulioanza mwaka 2015, vilikuwa vimekaa bila kutumika. Mwanasiasa hupigwa picha akikabidhi mashine. Sijaona akipigwa picha akikabidhi mafunzo.

Usidhani jambo hili linahusu hospitali kubwa pekee. Katika vituo vidogo wanakojifungulia kina mama wa Kibera na Kawangware, mtoto mchanga asiyepumua huhitaji kupuliziwa hewa ndani ya dakika ya kwanza kwa mfuko mdogo wa mkono. Mkono ulioingiwa na hofu huminya kwa nguvu na kwa kasi. Mkono uliofunzwa huminya kidogo tu, hadi kifua kiinuke kama cha mtoto anayepumua mwenyewe, mara 40 hadi 60 kwa dakika. Mfuko huo haugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya mashine, na zoezi la kuutumia huhitaji mwanasesere na saa chache, likirudiwa mara kwa mara.

Kwa hivyo, msomaji wangu, nakusihi mambo matatu. Mosi, mjamzito anapochagua mahali pa kujifungulia, aulize kama mfuko huo upo na ni nani aliye zamu usiku anayejua kuutumia. Pili, ikiwa ndugu yako amewekewa mashine, usikimbilie kukataa. Muulize daktari kwa adabu: presha yake iko vipi tangu awekewe? Msukumo unapimwa mara ngapi? Nani anamwangalia usiku? Daktari mwema hatakasirika. Tatu, ukilazimika kumpulizia mtoto mchanga kwa mdomo, tumia pumzi ndogo ya mashavuni, wala si ya kifua kizima.

Na kwa wanaopanga bajeti za kaunti, ombi langu ni fupi: kila mashine inayonunuliwa ije na mshahara wa muuguzi na siku za mafunzo. Bila hivyo tutakuwa tumenunua mivukuto ya Hooke yenye taa za rangi.