Mjusi tumemsikia, na makovu ya makombe je?

Wadau, kila mjadala wa mjusi wa Tendaguru unapoibuka huwa tunaishia palepale: ukubwa. Mita 13.27 kwenda juu, amesimamishwa Berlin tangu 1937, arudi au asirudi. Magazeti hupenda kitu kinachojaza picha.

Kinachosahaulika ni kwamba kule Lindi matabaka yenye mijusi yamepishana na matabaka ya bahari yenye makombe (siyo ya mpira, jamani). Wajerumani waliochimba kuanzia 1909 hadi 1913 waliondoka nayo pia. Nani ameyaulizia?

Mimi nayaulizia, hasa makovu yanayoweza kuwa juu yake.

Hebu fikiria. Chini ya bahari yenye mchanga na tope, kombe gumu ni kiwanja. Kiumbe kidogo kisicho na pa kushika kinatua hapo na kuhamia moja kwa moja. Brakiopodi, mnyama mwenye magamba mawili kama chaza ingawa si ndugu yake, ana kikonyo chenye nyuzi, na nyuzi hizo huyeyusha chokaa ya kombe ili ajishikize vizuri. Akifa, gamba lake linaweza kupotea kabisa. Kishada cha vitobo vidogo kinabaki. Bromley na Surlyk walikipa jina mwaka 1973: Podichnus. Hata wale viumbe wenye magamba wanaoganda chini ya ngalawa wana alama yao, duara ndani ya duara. Hiyo huitwa Centrichnus.

Jina ni la alama, siyo la aliyeiacha. Yaani jalada linafunguliwa hata kama mtuhumiwa hajulikani!

Sasa, mwaka 1953 Seilacher alizigawa alama za kale katika mafungu matano kufuatana na tabia: kutambaa, kupumzika, kuishi na namna mbili za kula. Kujishikiza hakukuwa na fungu lake mpaka 2004, Gibert, Domènech na Martinell walipolianzisha. Kuna atakayesema kung'ang'ania mahali pamoja si tabia. Sikubaliani. Mnyama anayekaa sehemu moja maisha yake yote amefanya uamuzi mmoja mkubwa, na ndio huo ulioandikwa.

Tena unasomeka. Alama ikiwa upande wa ndani wa kombe, ujue mwenyewe alishakufa, magamba yakafunguka, kombe likakaa wazi muda fulani kabla ya kufukiwa. Zikiwa nje tu, huenda mwenye nyumba alikuwa hai na mpangaji yuko mgongoni. Mfupa wa mguu wa mjusi, hata uwe mrefu kuliko mimi, haukupi habari hiyo ya bahari.

Kwa hiyo tukidai, tudai na masanduku ya makombe. Ikishindikana, tupewe picha zake za darubini na nafasi za kusomesha vijana wetu kuyasoma. Kumleta mjusi ni jengo jipya na mabilioni. Kombe linaingia kwenye mkoba, linahitaji darubini na mtu mwenye subira. Lakini asiwe mtu wa kulisugua kwa tindikali ling'ae kama yale ya kuuzia watalii, maana vitobo vyenyewe vina kina kidogo sana.

Kama upo Mlimani kwenye jiolojia na haya ndiyo mambo yako, jitokeze. Nina maswali mengi.