Ujane si Amri: Majibu kwa Wanaowatisha Wenye Vibanda Vidogo

Mtu akianza kufuga njiwa wa mashindano Ubelgiji au Uingereza, akiwa na kibanda cha mbao nyuma ya nyumba na jozi saba au nane, hakosi washauri. Kila klabu ina wazee wake, na kila mzee ana mfumo anaouapia. Shida ni kwamba ushauri mwingi umezaliwa kwenye vibanda vya njiwa mia na zaidi, halafu mwenye njiwa kumi na sita anapewa kana kwamba ni sheria. Nimeona watu wenye njiwa wazuri wakikata tamaa kwa sababu hiyo, na inaniuma. Madai haya yanastahili kujibiwa.

Mifumo inayobishaniwa ni mitatu. Katika mfumo wa asili, dume na jike wanaishi pamoja, wanaatamia na kulea, na wote wawili wanapelekwa mbioni. Katika ujane, jozi ikishaatamia au kulea mwanzoni mwa mwaka, jike anaondolewa. Dume anabaki na sanduku lake la kiota, na jike anaonana naye kwa muda mfupi tu, kabla ya safari na baada ya kurudi. Ujane wa pande mbili unawatenganisha hivyohivyo, ila jike naye anashindana.

Dai linalorudiwa kuliko yote: bila ujane hushindi.

Nguvu ya ujane siipingi. Anayeitilia shaka asimame kibandani jioni ya kutia njiwa kapuni. Wiki nzima bakuli la kiota limefunikwa kifudifudi. Mfugaji anapoligeuza, dume ameshajua. Anaingia ndani yake, anazunguka, ananguruma, shingo imetuna. Jike akiwekwa upande wa pili wa sanduku, dume haambiliki tena. Tena kwa kuwa halei makinda msimu wa mbio, mwili wake haulemewi, manyoya ya bawa hayaharakishi kupukutika, na anaweza kupelekwa kila wiki.

Ila hamu hiyo ina masafa yake. Inafaa sana katika mbio za kilomita 100 hadi 500, ambapo njiwa analala kapuni usiku mmoja au miwili. Mbio za kutoka Barcelona ni habari nyingine. Hufanyika mwezi wa Julai, umbali wa kufika Ubelgiji unapita kilomita 1,000, na njiwa hukaa safarini siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Dume mwenye moto wa ujane anaweza kuumalizia kapuni kwa kugombana na wenzake. Jike aliyeacha mayai ya siku kumi anakaa ametulia, na sababu ya kurudi bado anayo. Ndiyo maana wapo mabingwa wa masafa marefu ambao hawajawahi kuacha mfumo wa asili. Kwa hiyo anayeambiwa “bila ujane hushindi” aulize kwanza: mbio zipi?

La pili linatolewa kwa dharau: mfumo wa asili ni wa wavivu, unawaachia njiwa wajiendeshe.

Anayesema hivi hajawahi kuuendesha kwa nia ya kushinda. Tuseme unamtaka jike aende kwenye mbio za Jumamosi, tarehe 20 Juni 2026, akiwa ameatamia siku kumi. Hesabu kurudi nyuma. Yai la pili liwe limetagwa tarehe 10. La kwanza hutangulia kwa siku mbili hivi, kwa hiyo tarehe 8. Jike hutaga siku nane hadi kumi baada ya kuunganishwa na dume, kwa hiyo wakutane karibu na tarehe 30 Mei. Ukichelewa wiki moja, siku ya mbio atakuwa ndiyo kwanza ametoka kutaga. Ukiwahi wiki moja, mayai yatakuwa yanakaribia kuanguliwa, maana huanguliwa siku ya 17 au 18. Hapo wazazi wote wawili wanaanza kutengeneza maziwa ya gole ya kulishia makinda, na mzazi mwenye gole lililojaa si wa kutia kapuni. Mwenye jozi nane anafanya hesabu hii mara nane, na kila jozi ina ukaidi wake. Uvivu uko wapi hapo?

Kuna na zamu. Dume huatamia kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, jike huchukua jioni, usiku na alfajiri. Kwa hiyo madume wanarushwa asubuhi na jioni, majike mchana. Hapa ndipo nawaelewa wanaoukimbia mfumo huu: anayetoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni hana mtu wa kuwarusha majike. Anaweza kufidia kiasi kwa kuwabeba kwa gari mwisho wa wiki, kilomita 30 au 40, na kuwaachia huko. Kama ratiba hairuhusi hata hilo, hiyo ni sababu ya kweli ya kuchagua mfumo mwingine, na ina uzito kuliko kelele zote za klabu.

Dai la tatu nalichukia: majike ni wa kuzalisha, mbio ni za madume.

Novemba 2020 njiwa wa Ubelgiji aitwaye New Kim aliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.6, na alikuwa jike. Bei peke yake haithibitishi kitu, maana minada ina wazimu wake. Kinachothibitisha ni kilichompandisha bei: alikuwa ameng'ara mbioni mwaka 2018 akiwa kinda, yaani njiwa wa mwaka huohuo. Jike anaruka vizuri sawa na dume, na kwenye masafa marefu wafugaji wengi wanamtegemea yeye zaidi. Imani hii ilitokana na ujane wenyewe. Majike walifungiwa nyumbani msimu mzima, kisha watu wakasahau kwamba waliwafungia wao.

Kwa kibanda kidogo hasara yake ni kubwa. Ukiwa na jozi nane za ujane wa kawaida, una washindani wanane na wengine wanane wanaokula bure hadi msimu uishe. Njiwa hula kama gramu 30 kwa siku, kwa hiyo nafaka si tatizo kubwa. Tatizo ni nafasi, kwa sababu majike wale wanahitaji chumba chao, na kwa mwenye vyumba viwili hicho ni nusu ya kibanda.

Basi utasikia jibu lao: ujane wa pande mbili hauwezekani mahali padogo, majike wataoana wao kwa wao.

Kweli, wanaoana. Majike wawili wanainamiana, wanalishana, wanachagua pembe moja ya sakafu, na ukija unakuta mayai manne mahali pamoja. Jike aliyefika hapo dume hamshughulishi tena, wala mbio. Lakini dawa yake haihitaji jumba. Ondoa kila mahali panapofanana na kiota. Weka vitulio vya mbao vyenye umbo la V iliyopinduliwa, kila mmoja na chake, ili wawili wasikae bega kwa bega. Sakafu iwe ya wavu, pembe zizibwe. Wakishakula, punguza mwanga. Majike wanane katika chumba cha namna hiyo wanadhibitika, tena kwa urahisi kuliko arobaini, kwa sababu unamjua kila mmoja na unawaona wawili wanaoanza kuzoeana siku ileile.

Kuhusu kuiga bingwa nitasema kwa ufupi. Ndugu akina Janssen wa Arendonk, Ubelgiji, walijijengea jina katika masafa mafupi na ya kati, na damu ya njiwa wao imesambaa duniani. Kununua mjukuu wa njiwa wao hakukupi Arendonk. Mshindi hupatikana kwa wastani wa mwendo, mita kwa dakika, kwa kuwa umbali wa kila kibanda ni tofauti. Upepo wa ubavuni ukivuma, kundi zima linasukumwa upande mmoja, na vibanda vya upande huo vinanufaika. Mfumo wa bingwa umeshonwa kwa mahali pake, masafa yake na wasaidizi wake.

Na giza kwa makinda, wanasema ni lazima. Si lazima. Kufunika madirisha kuanzia jioni mapema hadi saa tatu asubuhi, tangu kuachishwa kulishwa hadi karibu na tarehe 21 Juni, kunauhadaa mwili wa kinda ili ashikilie manyoya ya bawa hadi mwisho wa mbio za makinda. Manyoya hayo hupukutika baadaye, vuli inapoingia na baridi. Mwenye makinda sitini anaweza kuumeza ucheleweshaji huo. Mwenye kumi, anayewategemea haohao mwaka ujao, apime kwanza.

Limebaki dai moja: ukichagua mfumo umeufunga msimu. Halina msingi. Jozi zilezile nane zinaweza kukimbia kwa ujane wa pande mbili mwezi Aprili na Mei, katika mbio zisizozidi kilomita 300. Tarehe 30 Mei bakuli zinageuzwa, milango ya masanduku inafunguliwa, na majike watatu au wanne walioonyesha pumzi ndefu wanaachwa na madume wao watage. Waliobaki wanaendelea na ujane. Nani atapelekwa wapi tarehe 20 Juni, mfugaji wa njiwa kumi na sita anaweza kulijibu akiwa amesimama mlangoni, bila kufungua daftari.